Nusu Inchi za Bamama ba Korale

Mpaka sasa nimejifunza viunzi vinne. Kwa sisi tunaotengeneza programu za biashara, kiunzi ni mifupa ya programu iliyokwisha kuandikwa na watu wa mbali. Wewe unaongeza nyama inayomfaa mteja wako, mwenye duka, ghala au kliniki, badala ya kuanzia sifuri. Cha kwanza nilifundishwa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kwenye darasa la kompyuta lililokuwa na mabenchi ya kanisa. Nilipokimaliza, watu walikuwa wamekiacha. Cha pili kikazeeka mikononi mwangu. Nina miaka thelathini na sita, na kila mwaka narudi kuwa mwanafunzi.

Mteja wangu wa kudumu ni papa mmoja, yaani mzee, wa Bukavu mwenye atelye, karakana ya kushona, huko Kauma, Lilongwe. Alikuwa mwalimu kabla ya kukimbia na anapenda vitu vyenye mpangilio. Nilimtengenezea programu ya kutunza vipimo: shingo, bega, kifua, kiuno, mkono. Mtu akirudi baada ya mwaka, fundi anaandika jina lake kwenye simu na vipimo vyake vinatokea. Ilifanya kazi miaka mitatu bila mtu kunipigia, na katika kazi yetu hiyo ndiyo sifa kubwa.

Kisha wenye kiunzi wakatangaza kwamba toleo tulilokuwa tukitumia hawatalitunza tena. Nikaamua kuhamia jipya. Ilinichukua majuma mawili, kwenye mtandao unaokatika na kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani, umeme ukienda nayo inazimika. Sehemu moja ilidai toleo jipya la nyingine, na hiyo nyingine ikakataa kukaa na ya tatu. Mwishowe programu ilifunguka. Nikatazama majina matano, nikaona vipimo vipo. Sikuvitazama vizuri. Nilikuwa nimechoka, nikaituma Kauma, nikaenda kula nsima, ugali wa huku.

Jumatano moja papa akanipigia simu.

"Mutoto yangu, unapashwa kuja. Makola ya bamama ba korale haifungi."

"Haifungi namna gani, papa?"

"Haifungi. Tulishona blauzi kumi na tisa. Siku ya Mungu njo banaimba."

Korale ni kwaya ya kanisa, na siku ya Mungu ni Jumapili: zilibaki siku nne. Ruhusa ya kutoka kambini niliipata kesho yake mchana. Jioni hiyo nilimsimulia mama yangu, ambaye ni fundi wa kushona tangu kwetu Fizi, Kongo. Alinisikiliza huku akipindisha ukingo wa suruali.

"Ile ya zamani ilikuwa imeharibika?"

"Hapana, mama."

"Sasa uliibadirisha juu ya nini?"

"Benye kuitengeneza balisema habataitunza tena."

Akakata uzi kwa meno. "Na weye unabatumikia bo, ao unatumikia ule papa wa Kauma?"

Nikaenda kuandaa mkoba.

Ijumaa asubuhi nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, kisha minibasi hadi mjini. Blauzi zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya kukatia, za buluu, zenye kola ya kusimama. Mama mmoja wa korale alikuwa bado amevaa ya kwake, vidole viwili vimeingia kati ya shingo na kitambaa.

"Mi siwezi kuimba na hii," alisema taratibu. "Pumzi haitoke."

Nikatafuta jina lake kwenye simu. Shingo: 14. Nikachomeka flashi yenye nakala ya zamani kwenye kompyuta yangu, nikatafuta jina lile lile. Shingo: 14.5. Nikajaribu wa pili, na wa tatu. Toleo jipya lilikuwa limechukua kila namba kuwa namba nzima na kutupa nusu zote. Mikono na viuno navyo vilipunguzwa, lakini huko fundi huacha nafasi. Kola ya kusimama haina nafasi.

Nilimweleza papa.

"Njo kusema mashini ilikula nusu?"

"Si mashini, papa. Ni mimi sikuangalia."

Hakunigombeza. Alinipa kifumulio na blauzi moja, akanionyesha kiti. Nilikaa kati ya mafundi wake watatu tukafumua makola mpaka alasiri. Kazi ya mama niliikataa nikiwa msichana. Nilisema mimi nitakuwa wa kompyuta. Fundi wa kulia kwangu alishika mkono wangu.

"Polepole, dada. Ukivuta, utapasua."

Mafundi walikata makola mapya; kitambaa hakikutosha kwa manne, hayo wakayawekea upande wa ndani rangi iliyokaribiana. Kabla ya kuondoka nilimrudishia papa toleo la zamani na vipimo vyake vyote. Akanisindikiza mlangoni.

"Siku ingine ukitaka kubadirisha, kuja kwanza upime shingo yangu."

Nyumbani nilifungua maelezo ya toleo jipya. Nilitaka kumpata mtu wa kumkasirikia. Ukurasa ulikuwa mrefu, na katikati yake kulikuwa na mstari mmoja ulio wazi kabisa: namba zitahifadhiwa nzima, isipokuwa ukieleza vingine. Nilikuwa nimeupita. Nilikaa nao muda mrefu, sikuwa hata na nguvu ya kujilaumu.

Baadaye nilihamia tena toleo jipya, polepole. Kwanza niliandika jaribio dogo linaloingiza shingo ya papa, kumi na tano na nusu, kisha linaisoma tena na kukataa kuendelea kama nusu haipo. Nikaandika jingine la mkono, na jingine la bega. Kazi ya majuma mawili sasa inachukua sita. Mteja mmoja wa Nathenje alishindwa kungoja, akatafuta mwingine, na simlaumu. Papa alingoja. Programu iko kwake mpaka leo, na kwa miezi kadhaa sasa hajanipigia simu.