Mdogo Wake Aliyeletwa Darasani

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Gihundwe. Somo lilikuwa maisha ya watoto wa nchi nyingine na haki zao. Nilibandika picha ukutani: mtoto anayekwenda shule juu ya theluji, mwingine anayesomea ndani ya hema, mwingine anayechunga ngamia. Wanafunzi waliuliza kama theluji inaliwa na kama ngamia anauma. Lakini haki zenyewe walizikariri kwa sauti moja, kama jedwali la kuzidisha, na hilo likanisumbua. Nilihisi wanadhani haki ni mambo ya watoto wa kwenye picha.

Basi nikawapa kazi. Kila mmoja amtafute mtoto wa karibu na kwao, amuulize anacheza nini, anakula nini na anataka nini, kisha aje atusimulie.

Kesho yake msichana mmoja mkimya, binti wa seremala wa Kamembe, aliingia amemshika mkono mtoto mdogo mwenye mtandio wa njano.

"Mwalimu, nimemuleta yeye mwenyewe," akasema. "Ni mudogo wangu. Hasikii, hasemi. Lakini mumuulize, nitawaambia anachojibu."

Nilikuwa nimemfundisha dada mtu tangu mwanzo wa mwaka, na sikujua kama ana mdogo.

Wakaanza kumuuliza. Anacheza nini? Dada akageuza swali kwa mikono, na mdogo akazungusha ngumi zake mbili: kuruka kamba. Anakula nini? Akapitisha kidole hewani kikijipindapinda: sambaza, wale dagaa wa ziwani. Darasa likacheka, naye akacheka nalo. Anataka nini? Hapo hakujibu kwa mikono. Alikwenda kwenye dawati la mbele, akamsukuma kidogo aliyekaa pale, akaketi, akakunja mikono na kuutazama ubao.

Mchana nilimfuata baba yao karakanani. Alikuwa anapiga msasa ubavu wa kitanda.

"Karibu, Maman Mwalimu."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza bila kuuacha msasa.

"Atasoma namna gani na hasikii?"

"Wasiosikia wanasoma, Papa. Ni haki yake."

"Haki najua. Miye naogopa batamucheka. Hapa kwangu hakuna muntu anamucheka."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mkaidi. Niliyemkuta ni baba mwenye hofu, na maneno yote niliyoyapanga njiani hayakufaa kitu. Nikamwambia: "Kesho umlete mwenyewe, usimame dirishani. Ukiona mtoto mmoja anamcheka, umchukue. Sitakufuata."

Alikuja. Ndani, yule mdogo alikuwa anawapa wanafunzi wangu majina ya mikono. Mwenye pengo aliitwa kwa kidole kwenye jino. Mpenda mpira, kwa teke dogo. Mimi niliitwa kwa kusukuma miwani puani. Waliokuwa bado hawana jina walisukumana kumfikia, kila mmoja akijipiga kifua ili aonekane. Nilipogeuka dirishani, seremala alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati lenye unga wa mbao.

"Muache abaki," akasema.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mkuu wa shule alitafuta mtu anayejua lugha ya alama, ambaye akawa anakuja Jumamosi kutufundisha. Vidole vyangu vilikuwa vizito kama vya mtu aliyevaa glavu, na wanafunzi walinipita mbali. Mara nyingi mimi ndiye niliyesahihishwa.

Lakini yule mtoto alianza darasa la kwanza na wenzake wa umri wake, na siku ya kugawa ripoti za mwisho wa mwaka alishika nafasi ya tatu. Shule nzima ilisimama uani. Badala ya kupiga makofi, watoto waliinua mikono juu na kuitikisa, msitu mzima wa viganja, kimya kabisa. Baba yake aliinua yake kuliko wote.

Muhula uliofuata, mwanamke alishuka kwenye pikipiki langoni kwetu, mavumbi ya barabara ya Nzahaha yamemjaa hadi nyusi, amempakata mtoto wa kiume.

"Samahani, Mwalimu," akaniuliza. "Ni hapa banafundisha batoto basiosikia?"

Hakuna kibao chochote langoni kilichosema hivyo. Nikampokea mfuko wake.

"Ndiyo, Maman," nikamwambia. "Ni hapa."