Aliyenifundisha Kuogopa kwa Kiingereza

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Chang'ombe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la tembo. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, vita ya pili imekwisha. Nilikuwa karani wa bohari moja ya katani, mtu wa bara asiye na ndugu hata mmoja mjini.

Mke wangu Nyamizi nilimwacha Tabora. Tulikubaliana kwamba nikifaulu mtihani wa ukalimani wa mahakama nitapewa vyumba viwili vya serikali, naye atapanda gari moshi aje. Aliniomba aje mapema, tubanane katika kile chumba changu cha kupanga. Nikakataa. Nilitaka anikute nimekuwa mtu mkubwa. Basi jioni nikawa narudi chumbani, napiga hodi mwenyewe na kujiitikia karibu mwenyewe. Unaujua upweke wa namna hiyo? Kama huujui, mshukuru Mungu.

Mtihani ulikuwa Jumamosi, na kilichonisumbua ni maneno ya woga. Waingereza wanayo mengi, na mkalimani alitakiwa ajue tofauti zake, maana shahidi aliyeshtuka si sawa na shahidi aliyetishwa. Kamusi yangu haikunisaidia kitu. Afraid, ogopa. Frightened, ogopa. Terrified, ogopa sana. Sasa hapo mtu anajifunza nini?

Saa ya chakula nilikuwa nakaa kwenye baraza ya nyumba moja iliyofungwa, karibu na bohari, nakula ndizi za kuchoma za Bi Tatu aliyekuwa akiuza ng'ambo ya barabara. Jumatatu ya wiki ile ya mtihani, jua liko utosini, daftari liko magotini, sauti ikasema nyuma ya sikio langu: "Startled."

Niliruka hata ndizi ikaanguka. Kugeuka, namwona mzee amekaa mbele ya ule mlango uliopigiliwa misumari, kanzu nyeupe mpaka chini, kofia ya viua, mwavuli mapajani. Sikusikia mtu akipanda ngazi, wallahi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, huku naokota ndizi.

"Marahaba, mwanangu. Umeshtuka. Hilo ndilo startled. Huja ghafla, likaondoka lenyewe kama kwikwi. Andika."

Nikaandika. Nilidhani ni mwalimu aliyestaafu. Ningejuaje? Watu husema mzimu hauna kivuli, lakini saa sita mchana nani ana kivuli cha kuonyesha?

Jumanne aliniuliza, taratibu tu, kama barua ya nyumbani imechelewa. Ilikuwa imechelewa wiki tatu. Sikupata usingizi usiku ule. Mbele yangu hapakuwa na kitu cha kuogopa, ila kila nikifumba macho naamka kuhesabu siku tangu barua ya mwisho. Nilipomweleza Jumatano akatikisa kichwa. "Huo ni wasiwasi. Andika anxious." Kumbe mzee alikuwa ananifundisha kwa kunionjesha!

Hapo hapo mbwa koko mmoja akaja kunusa maganda ya ndizi. Akafika kwenye ngazi, akamwona mzee, akalia kwa sauti nyembamba na kutimua mbio mpaka ng'ambo. Nywele zikanisimama. "Frightened," mzee akasema. "Kitu chenyewe unakiona kwa macho."

Alhamisi alinishika mkono kunirekebisha mwandiko. Niamini ninachokwambia: mkono ule ulikuwa wa baridi kama udongo wa kisimani, tena haukuwa na uzito wowote. Nikataka kupiga kelele, sauti ikagoma. Nikataka kukimbia, miguu si yangu. "Terrified," akasema kwa upole, kisha akaniachia.

Utaniuliza, kwa nini Ijumaa nilirudi? Nilikuwa nimekwisha jua kwamba yule si mtu. Lakini tangu nifike Dar es Salaam hakuna aliyewahi kunisubiri mahali popote, na yeye alinisubiri kila mchana. Nilikuwa mpweke kiasi hicho, sioni haya kusema.

"Limebaki moja," akaniambia. "Afraid."

"Hilo jepesi, mzee. Ni kama tunavyosema nachelea. Mtu anaogopa jambo lisije likatokea, ila hana hakika nalo."

Akanitazama kwa macho laini, nikadhani ni ya uzee tu. "Ndivyo unavyolijua?"

"Ndivyo."

Akashusha pumzi, akasema kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa: "I am afraid Nyamizi will not wait for you."

Nikatafsiri kichwani haraka haraka, mwanafunzi hodari mimi. Mzee anaogopa. Anachelea Nyamizi hatanisubiri. Nikacheka, maana niliona ananionea wivu wa kizee. "Usiogope, mzee wangu," nikamwambia. "Mke wangu ana subira. Atangoja."

Akairudia sentensi ile ile, polepole zaidi. Nami nikarudia, "Usiogope," nikaendelea kula. Akafungua mwavuli wake, akashuka ngazi na kushika njia ya Temeke. Sikumwona tena.

Nilipofika bohari ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi kumtajia jina la mke wangu. Nikalisukuma wazo hilo pembeni, kwa kuwa mtihani ulikuwa kesho yake. Jioni gari moshi la bara likapiga honi likaondoka, nami nimeinamia daftari.

Mtihani niliufanya vizuri. Nikirudi, Bi Tatu akaniita. "Mwanangu, huumwi wewe? Wiki nzima nakuona pale barazani unaongea Kizungu peke yako. Nyumba ile ilikuwa ya mkalimani, kafa mie sijaolewa. Hapakaliwi pale!"

Jumatatu Mzungu wa bohari aliniita ofisini. Alikuwa ameshika simu ya maandishi kutoka Tabora. Akasimama, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, akasema, "I am afraid I have bad news."

Nikamtazama usoni natafuta woga. Hakuwa na woga wowote. Alikuwa na huruma tupu, huruma ile ile niliyoiona kwa mzee siku ya Ijumaa nikaidhania uzee. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno. Wenyewe hulisema hata jambo likiwa hakika, hulitanguliza mbele ya habari mbaya kama sisi tunavyotanguliza pole. Mzee hakuwa anaogopa. Alikuwa ananipa pole mapema, tena mara mbili, na mimi nikamtuliza.

Nyamizi alikuwa ameshikwa na homa kwa wiki zile tatu, akakataza nisiandikiwe ili nisiharibu mtihani. Alifariki Jumapili mchana. Ningepanda gari moshi la Ijumaa ningemkuta hai. Mama yake aliniambia baadaye kwamba siku zile mbili za mwisho, kila honi ya stesheni iliposikika, aliomba mtu atoke akaangalie njia.

Mtihani nilifaulu. Vyumba viwili nikapewa, nikalala kimoja. Cha pili kilibaki kitupu mpaka nilipostaafu, na sikuoa tena. Mahakamani nilitafsiri miaka mingi, na watu walijiuliza kwa nini mkalimani hunyamaza kwanza kila Hakimu anaposema lile neno. Nilikuwa namtazama anayeambiwa. Bado hajui, na mie nimekwisha jua, na dakika ile kwa kweli sikuwahi kuizoea.

Ile baraza nimepita mara nyingi saa sita mchana nikiita shikamoo. Hakuna anayeitikia. Nilitaka nimwombe radhi tu.

Wewe unayenisikiliza, usiende kutafuta wazee wa namna ile, hawatafutwi. Ila mtu yeyote, hai au si hai, akikwambia kwamba anaogopa, usikimbilie kumtuliza ili upate kumaliza chakula chako. Weka chini unachokula, umuulize anamwogopea nani.