Mlango wa Chumvi na Sukari

Wanafunzi wa sekondari walimpa Antonia jina la Mwalimu Utando, kwa sababu akifika kwenye somo la utando wa seli hakutaka kengele ilie. Binti huyu wa wakulima wa Rondo alipangiwa kufundisha biolojia Kiranjeranje, akapanga chumba kwa Bibi Kibibi, mjane aliyeishi na mwanawe Jafari. Yeye Mkatoliki, wao Waislamu, na mwezi wa Ramadhani mwalimu ndiye aliyekuna nazi ya futari.

Masika ya mwaka jana Bibi Kibibi aliamka akiharisha maji matupu. Jua halijapanda sawasawa, macho yalishaingia ndani, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Kijito cha njia ya zahanati kilikuwa kimefurika. Bodaboda hawakuthubutu kuvuka.

"Shikamoo, bibi," Antonia alisema, akimshika kiganja kilichopoa.

"Marahaba, mwanangu. Nakauka."

Antonia alichemsha maji, akayapooza, akapima lita moja. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akisawazisha kila kijiko kwa kisu. Akaonja, akaanza kumnywesha. Bibi akatapika. Jafari akakishika kikombe.

"Basi, mwalimu. Kila akinywa yanatoka. Tumbo lipumzike."

"Tukimnyima tutampoteza, kaka Jafari. Nisikilize. Seli za utumbo zimezungukwa na utando, na chumvi haipenyi hivi hivi. Kuna protini zimejichomeka kwenye utando, ndiyo milango yake. Ugonjwa huu umeacha wazi mlango wa kutokea, chumvi inamwagika na maji yanaifuata. Lakini upo mlango mwingine, wa kuingilia, ambao ugonjwa haujaugusa. Huo hupitisha chumvi na sukari kwa pamoja. Zikiingia mwilini, maji nayo yanaingia."

"Kumbe! Basi tuongeze sukari," Jafari alisema, kijiko kikiwa tayari mkononi.

"Usithubutu! Ikizidi itabaki utumboni ivute maji, aharishe zaidi."

Jafari akarudisha kijiko. Wakangoja kidogo, wakaanza upya, taratibu, kijiko kimoja kimoja. Bibi akitapika wanatua, kisha wanaendelea. Antonia hakuwa daktari. Kusoma mlango ubaoni ni kitu kimoja, kumtazama mtu anayekutegemea ni kingine. Lakini hakuondoka pale mkekani, hata chai hakunywa.

Alasiri, Bibi Kibibi akanong'ona kwamba anataka kukojoa.

Antonia aliangua kilio. Jafari akashtuka, akadhani mambo yameharibika.

"Yameingia," mwalimu alisema huku akijifuta kwa kanga. "Maji yameingia!"

Kijito kilipopungua walimpeleka zahanati. Muuguzi alimtundikia dripu, akawaambia kwamba bila kile kinywaji asingefika akiwa hai.

Aliporudi nyumbani, Bibi Kibibi aliwakusanya wanawake wa jirani uani, akamtaka Antonia awafundishe. Mwalimu alieleza kila kitu: vijiko, chumvi, milango. Kinamama walirudia vipimo kwa sauti. Bibi aliweka mkono juu ya tumbo.

"Milango hiyo, mwanangu, mimi ninayo mingapi?"

"Haihesabiki, bibi."

"Subhanallah! Na umri wote huu sijawahi kusikia hata mmoja ukifunguka."