Baklawa ya Njugu za Nyanya

Juzi mjukuu wangu alinitembelea hapa Rodi Kopany na kijiboksi cha baklawa alichonunua Migori mjini. Kabla sijaonja, akanisomea kwenye simu kwamba jina hilo ni la Waturuki, huenda lilianzia kwenye kufunga au kukunja, na kwamba wengine wanadai ni la Waajemi. Hawajaafikiana. Rafiki yangu, hayo niliyasikia nikiwa na miaka kumi.

Tulikaa Migori wakati huo. Jirani yetu alikuwa mke wa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu kutoka pwani. Kila Idi alitandaza manda nyembamba kama karatasi, safu juu ya safu, akipaka samli na kunyunyiza njugu zilizopondwa, kisha akamwagia shira ya moto. Harufu ya iliki ilituita hata sisi Wasabato, na sahani yetu haikukosa kuja. Njugu alinunua kwa nyanya yangu tu. Za sokoni jirani hakuzitaka, kwa sababu nyanya alichambua moja moja, akitupa kila iliyosinyaa au kuota ukungu.

"Na hilo jina ni la nani?" nyanya alimuuliza siku moja.

"Mama mkwe aliniambia ni la Waturuki, ati maana yake kufunga. Zaidi ya hapo sijui, mama."

"Kumbe unatulisha neno usilolijua!"

"Na wewe samaki wako omena, nani alimpa jina?"

Wakacheka mpaka nyanya akashika kiuno.

Mwaka mmoja macho ya nyanya yaliuma, akaniachia mimi kuchambua. Nje wenzangu walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Nikachanganya zote, nzuri na mbovu, nikampelekea jirani kikapu, nikakimbilia mpira. Unajua njugu yenye ukungu ilivyo chungu mdomoni. Wageni wa Idi waliitema baklawa mbele ya mume wake.

Jirani hakuja kugomba. Njugu akaanza kununua kwingine. Siku ya Idi iliyofuata nyanya aliketi mlangoni tangu asubuhi, amefunga kitambaa safi kichwani, akingoja sahani. Haikuja.

"Amenitupa," alisema jioni. "Hata kosa hakuniambia."

Kosa nililijua. Niliendelea kunywa uji wangu.

Nyanya alipofariki nilikuwa mwanamume mzima, nimemaliza sekondari. Jirani alikuja matangani, akaketi kando yangu.

"Bibi yako alinipa njugu mbovu siku ya heshima yangu," akasema polepole. "Iliniuma, maana nilimwamini kuliko dada yangu wa tumbo moja. Lakini leo nimemsamehe."

Mdomo nilikuwa nao. Nikasema, "Asante, mama."

Duka lile limebomolewa, na jirani alirudi pwani; sijui kama yu hai. Siwezi kusingizia utoto, kwani siku ya matanga sikuwa mtoto. Nyanya yangu amelala kaburini na msamaha wa kosa ambalo hakulifanya, na aliyeupokea kwa niaba yake ni mimi.