Mlango wa Mama Nilioutia Alama ya Rangi ya Kucha

Admin, jina langu lifiche, na mji wetu wa nyumbani usiutaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mtanzania, huu mwaka wa tisa nipo Guangzhou. Kazi yangu ni ajenti: mtu akitaka mzigo wa China, mimi ndiye naingia kiwandani, nakagua, napakia kontena. Pale Dengfeng, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, wananijua kwa mdomo wangu. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, akianza kunizungusha namwachia chai yake mezani naondoka. Nasema haya ili mtu asije akanitetea kwamba nilidanganywa. Sikudanganywa.

Mwaka jana shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipata tenda ya manispaa. Kuna maghorofa ya manispaa wanakaa wastaafu na watu wasio na uwezo, na moto ulishawahi kuwaka kwenye ngazi za jengo moja, mtoto akafa kwa moshi. Ikaamuliwa kila nyumba iwekewe mlango wa kuzuia moto. Mama yetu anakaa humo, ghorofa ya nne. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, ngazi hashuki bila kubebwa. Shemeji aliponiambia nimtafutie milango huku, nilifurahi mpaka nikalia. Nikasema alhamdulillahi, riziki imekuja pamoja na usalama wa mama.

Kiwandani laoban hata salamu hakunipa. Aliuliza tu, "Feizhou?" Yaani mzigo unaenda Afrika? Mnaofanya biashara huku mnalijua hilo swali. Ukisema ndiyo, unaletewa mzigo wa daraja la pili. Akaniwekea mezani vipande viwili vya mlango vilivyokatwa kwa msumeno. Nje bati lilelile, rangi ileile, kibandiko kilekile kinachosema mlango unahimili moto saa nzima. Ndani, kimoja kimejazwa ubao mweupe mzito usioungua. Kingine kimejazwa maboksi yaliyokunjwa. Maboksi jamani, kama ya viatu!

Nikampigia shemeji video nikamwonyesha. Nilidhani atashtuka. Akauliza, "Hiyo mizuri inachukua muda gani kutengenezwa?" Nikamwambia miezi miwili.

"Shem, miezi miwili tenda wananinyang'anya, wanampa mwingine. Mkaguzi atagonga bati, atasoma kibandiko, atasaini. Wale wazee wanataka mlango unaofunga, basi."

"Na mama je?"

Akacheka. "Mama mtafutie mmoja mzuri, upakie humohumo."

Hapo ndipo nilitakiwa kukata simu. Sikukata. Kiwanda kilikuwa na mlango mmoja mzuri wa maonyesho. Nikaung'ang'ania mpaka laoban akachoka. Nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, nikautia kidoa chekundu karibu na bawaba ili mafundi waujue. Kisha nikawaruhusu wapakie mingine yote ya maboksi. Picha waliyotumiwa manispaa, mimi nimesimama kando ya kile kipande kizuri, natabasamu. Na karatasi ya ukaguzi nikasaini. Mnanielewa? Nilijua. Mtu asiyejua hamtafutii mama yake mlango wa peke yake.

Mafundi waliposhusha mzigo wakafunga walivyoshusha. Nani aangalie kidoa cha rangi ya kucha?

Wiki iliyopita nipo mgahawani barabara ya Huanshi Zhonglu nasubiri chakula, mama akapiga video kunionyesha mlango wake. Nikamwambia, "Mama, sogeza simu kwenye bawaba."

"Unatafuta nini wewe?"

"Sogeza tu, mama."

Hakuna alama. Mama wa watu hana habari, anaendelea kunihadithia. "Watu wa zimamoto walikuja kutufundisha. Wamesema moto ukitokea tusikimbilie ngazini. Kila mtu ajifungie ndani kwake, atulie, asubiri kuokolewa. Zamani nilikuwa nawaza, mimi nani atanibeba? Sasa sina wasiwasi. Nimewaambia majirani wote, milango hii kaileta mwanangu." Mara jirani yake, mama wa mapacha, akaingiza uso kwenye simu, mtoto mmoja kiunoni. "Ahsante dada, Mungu akulipe." Nikakata, nikasingizia mtandao. Chakula kilipokuja sikukigusa.

Nikamtuma dada azunguke jengo zima atafute mlango wenye kidoa chekundu. Nilimwambia una kasoro. Akaukuta chini kabisa, kwenye stoo ya mafagio.

Nikampigia shemeji nikamwambia kila kitu, nikamwambia hii milango itolewe. Akajibu taratibu, bila hata hasira. "Jumamosi fundi atauhamishia wa stoo kwa mama, yaishe. Wewe nijibu sawa tu. Ukifungua mdomo tunakwenda jela wawili, dada yako na watoto watalala wapi? Saini ni yako, shem." Ni kweli, saini ni yangu. Dada hajui chochote, jana kanitumia picha ya sofa mpya anauliza rangi gani inapendeza.

Jumamosi ni keshokutwa. Picha za vile vipande vilivyokatwa bado ninazo kwenye simu. Nikijibu sawa, mama anapona. Lakini siku moto ukiwaka, yule mama wa mapacha ataingiza wanawe ndani, atafunga mlango wa maboksi, na atatulia kama alivyofundishwa. Hatakimbia, kwa sababu anamwamini mtoto wa jirani yake.

Nitukaneni mnavyotaka, nastahili. Mkishamaliza kunitukana, nishaurini ndugu zangu: nizipeleke hizi picha, nimfunge mume wa dada yangu na mimi mwenyewe, au niandike "sawa"?