Mume Wangu Mwalimu na Wapanda Farasi Wasiokuwepo

Admin, usiweke jina langu wala la mtaa wangu. Sumbawanga tunajuana, na mume wangu anafundisha watoto wa watu. Nina miaka arobaini na moja, nimefunga ndoa kanisani, nina watoto watatu na nauza mchele wa Milepa sokoni. Ninachoandika hapa sijamwambia hata mama yangu.

Huyu mwanaume nilimpenda kwa akili zake. Kwetu, upande wa Mpui, hakuna aliyevuka darasa la saba. Siku alipokuja kujitambulisha, marehemu baba alinyamazisha nyumba nzima. "Kaeni kimya, mwalimu anaongea." Nami niliona fahari. Leo anapofungua mdomo natamani nizibe masikio.

Mwaka juzi alianza kupita kwenye banda la kubeti karibu na stendi. Ingekuwa mpira ningeelewa, wanaume wengi ndio zao. Yeye akaangukia mbio za farasi za kwenye skrini. Tangu nizaliwe sijaona farasi kwa macho yangu Ufipa hii, na yeye hajaona. Lakini jioni anakuja na rafiki yake, fundi pikipiki wanayemwita Profesa, wanakaa sebuleni kwangu, wanakunywa uji wangu wa ulezi na kubishana kama mawakili.

"Joki wa kofia nyekundu ana haraka," mume wangu anasema. Joki ndiye mpanda farasi, na mimi nimejifunzia hapo. "Anammaliza farasi pumzi mapema. Mwenzake wa kijani anajificha nyuma, anasubiri kona ya mwisho, ndipo anamwachia."

"Mwalimu, wa kijani anabanwa na uzio. Mtu mwenye akili anambeti aingie tatu bora, siyo ashinde."

"Uoga huo! Mbeti ashinde. Ukikosa, ongeza mara mbili. Ukikosa tena, ongeza tena. Hesabu haidanganyi."

Hesabu! Na huyo ndiye mwalimu wa hesabu.

Mwezi wa kumi, wakati watu wanaandaa mashamba, kaka yangu akanipigia kutoka kijijini. "Dada, mbona umeuza maksai? Shemeji kaja na mnunuzi wa Chala, kasema umemtuma wewe." Maksai hao wawili baba aliniachia mimi. Ndio wanaolima shamba langu na la mama. Nilifunga magunia yangu saa hiyohiyo, nikaenda bandani na kilemba changu cha sokoni.

Nilimkuta amesimama mbele ya skrini, mkeka, ile karatasi ya kubeti, mkononi, anaelekeza wapanda farasi kwa kidole: "Mwachie! Mwachie sasa!" Nilimsogelea binti wa dirishani. Akaniamkia shikamoo. Nikamuuliza mbio hizo zinakimbiwa nchi gani.

"Hakuna nchi, mama. Hao siyo farasi wa kweli. Mashine inachagua namba, halafu inachora mbio."

"Na wale wanaowapanda?"

"Nao wamechorwa, mama."

Nikageuka, nikawatangazia wote, wanaume wazima zaidi ya kumi. Nikasema mnabishana kuhusu mbinu za picha! Mume wangu kauza ng'ombe wa marehemu baba kwa ajili ya kofia ya kuchorwa! Hakuna aliyeshtuka. Profesa alinitazama kwa huruma, akasema, "Shemeji, hata mashine ina tabia yake." Na mume wangu akaongeza, "Mama watoto, wewe mbio huzijui."

Kwa hasira nikatoa noti mbili, nikamwambia binti, "Niwekee yule mbaya kuliko wote." Akaniwekea namba saba, ambaye hakuna aliyemtaka. Jamani, namba saba akashinda.

Banda lililipuka. Waliniuliza nimeona nini kwenye mkao wa joki. Nikawaambia sijaona kitu, nyinyi ni wajinga tu. Wakatikisa vichwa, eti naficha siri. Na mume wangu, ambaye miaka kumi na saba hajawahi kunisifia mbele za watu, alinishika bega machozi yakimlenga: "Mnaona? Mke wangu ana jicho!" Niliutoa mkono wake kama mtu anayepangusa matope.

Tangu siku hiyo ananibembeleza tukodishe shamba langu tupate mtaji, mimi nichague, yeye apige hesabu. Nimekataa. Msimamizi wetu wa ndoa nilipompelekea habari alinijibu, "Hakupigi, halewi, hana mwanamke mwingine. Kwa sababu ya farasi unataka kuvunja nyumba?"

Lakini kilichonifanya niandike ni cha juzi. Binti yetu mdogo alileta daftari la hesabu amuulize baba yake. Nikamwahi: "Muulize joki wako." Mtoto akacheka. Akarudia, "Joki, joki," huku anamnyooshea baba yake kidole. Yeye hakugomba. Alichukua penseli, akamwelekeza taratibu mpaka swali likaisha, akaenda kulala bila kula. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilibaki nimekaa pale, na sikumwonea huruma hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Ndugu zangu, msinifundishe namna ya kumwachisha kubeti, nimeshajaribu yote. Na ng'ombe nitahangaika nao mwenyewe. Ninachowauliza ni kingine: mwanaume niliyemdharau mpaka mtoto wangu amejifunza dharau hiyo kutoka kinywani mwangu, nitamheshimu tena kwa njia gani? Na kama njia haipo, niwachukue watoto niondoke kabla na wao hawajawa kama mimi? Aliyewahi kupita hapa aniambie ukweli, hata kama utaniuma.