Tuta Moja Kabla ya Mvua

Kaka yangu alitoa hukumu akiwa amesimama mlangoni, buti zake zikinuka zizi. Shamba la nyuma ya nyumba lisipolimwa kabla ya mvua, alisema, atalipanda nyasi ya nepia.

"Si kwa ubaya, mama. Wewe pumzika tu. Ng'ombe watakula, na maziwa nitakuletea."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, fimbo ya hospitali magotini. Nyonga ilikuwa imevunjika kabla ya Krismasi, na sasa ilikuwa Machi. Alitazama dirishani, kule chini ambako maisha yangu yote kulikuwa na maharagwe yake, mahindi yake, na maboga yaliyotambaa popote yalipotaka. Nilimwona akilikunja shamba lile moyoni na kuliweka kando, kama nguo ambayo mtu hatarajii kuivaa tena.

"Litalimwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

Kaka alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Wewe? Umetoka Embu juzi na kompyuta kwa begi, leo ni mkulima?"

Nilikuwa nimekuja Githongo kumuuguza mama, si kulima. Ila kicheko kile kilinichoma, na yale macho ya mama dirishani yalinichoma zaidi.

Siku ya kwanza nilivamia kila kitu. Kiangazi kilikuwa kimeiacha nyumba kama kitu kilichofukuliwa: vumbi jekundu kwenye mapazia, majani ya miti ya migrevilea yamejaa kwenye mifereji ya paa, tope limekauka chini ya tangi, masizi yananing'inia jikoni kama popo. Nikatoa magodoro nje. Nikaacha magodoro, nikapanda ngazi. Nikaacha ngazi, nikachukua jembe la meno na kushuka shambani. Shamba letu liko kwenye mteremko, limekatwa matuta sita, kila tuta kama kidato kipana cha ngazi, na yote sita yalikuwa yamefumwa na sangari, ile nyasi ambayo ukikata mzizi mmoja unazaa mitano. Jioni viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, magodoro yalikuwa bado nje, na nyumba ilikuwa chafu kuliko nilivyoikuta. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikitamani chumba changu kidogo cha Majimbo, kule Embu, ambako uwanja wote ni kopo moja la sukuma wiki kwenye kibaraza.

Asubuhi yake niliamka na hasira iliyotulia. Nani alisema lazima yote? Nani alisema mvua ni polisi, inakuja kukagua? Niliamua kukataa. Asubuhi ningelima kipande cha tuta la juu, lile lililo karibu na mlango wa jikoni, ambalo mtu mwenye fimbo angeweza kulifikia. Alasiri ningefanya jambo moja la nyumba, moja tu. Mengine yote yalikuwa na ruhusa ya kunikodolea macho.

Jirani yetu, mama mmoja asiyepita bila kusema neno, alisimama na mzigo wake wa kuni.

"Mwari, hiyo ni shamba ama ni kaburi ya paka?"

"Ya paka mkubwa, anti."

"Wenzako wamemaliza wanangoja mvua. Wewe unachakura kama kuku!"

"Kuku nao hushiba."

Alienda akicheka, na kesho yake akarudi kuona paka amekua kiasi gani.

Mama alianza kwa kunifokea dirishani. Jembe nashika kama kalamu. Mizizi natupa karibu, itarudi usiku kwa miguu. Halafu akataka kiti kihamishiwe mlangoni, eti ndani kuna vumbi. Baadaye akataka kiti kihamishiwe penyewe, ukingoni mwa tuta. Alasiri moja, nilipokuwa nauliza nifanye mifereji au mapazia, alisema, "Mapazia hayanywi maji. Panda paa." Nikapanda. Nilipomaliza, aliniambia nigeuze bomba nje ya tangi, kwa sababu mvua ya kwanza huosha mabati tu, tuiache iende zake.

Kisha akaniomba nimteremshie mkebe wa mbegu kutoka kwenye uchaga, ulio juu ya meko, ambako moshi huzilinda na wadudu. Mkebe ulikuwa mweusi kama sufuria ya matanga. Akamwaga maharagwe kwenye ungo, akaanza kuchagua. Mazima huku, yaliyotobolewa kule. Nilijifanya nalima ili nisimtazame sana.

Mvua ilishuka jioni, ikaosha mabati, ikaenda zake. Asubuhi kaka akafika akisukuma toroli limejaa vipande vya nepia. Alitazama lile tuta la juu, jekundu, laini. Akatazama yale ya chini.

"Naona moja. Na hizi tano?"

"Zimelala," mama akasema.

"Zimelala ama zimewashinda?"

"Kwani wewe ukilala umeshindwa?"

Akajiinua. Nilitaka kumshika mkono, akaniangalia nikarudisha mkono wangu. Aliingia kwenye tuta taratibu, akaegemea mguu mzima, akachoma udongo kwa fimbo ya hospitali. Ile kofia ya mpira ya ncha yake ilitoboa shimo dogo, zuri, la mviringo. Akasogea hatua, akachoma tena. "Unangoja nini?" akaniuliza. Nikafuata nyuma nikidondosha maharagwe na kufukia kwa mguu.

Kaka alibaki na toroli lake.

"Hiyo nepia panda kwenye kingo za zile zilizolala," mama akamwambia bila kugeuka. "Ishike udongo usiende mtoni. Ng'ombe wale kingo. Katikati ni kwangu, nitafika huko mvua za Oktoba, ama zile zingine."

"Mama, hiyo nyonga…"

"Nyonga ndiyo hii inapanda."

Kaka akavua koti, akainama kupanda. Jikoni, masizi yalikuwa bado yananing'inia, na sikuyaonea haya. Niliyasahau kabisa niliposikia mama akipaza sauti iliyokuwa imepotea tangu Krismasi:

"Wewe wa ng'ombe! Usikanyage mstari wangu."